Kiti cha Tisa, Meza ya Saba

Nchi yetu haina ikulu, haina bunge, haina mahakama, na tunaendelea vizuri. Tuna ukumbi wa karata. Mgeni akiuliza serikali iko wapi, tunampeleka ghorofa ya chini ya hoteli moja ya zamani, mlango wa kulia, ukishapita mahali pa kutundikia kofia. Akishangaa, tunamsamehe, kwa sababu kwao hawajaendelea hivyo.

Ilikuwa hivi. Wenye nchi wa zamani walipoondoka, waliondoka na kila kilichoandikwa: vitabu vya sheria, ramani, hata orodha ya namba za simu. Chumba pekee walichosahau kukipekua kilikuwa kasino ya hoteli. Ukutani, juu ya mtungi wa maji, palikuwa na ubao wenye kanuni ishirini na tatu za kukaa na kuhama meza katika mchezo wa poka. Wazee wetu wa kwanza walikuwa watu wa kupenda utawala wa sheria. Walitafuta sheria, wakazikuta hizo, wakashika ubao kwa mkono wa kulia na kuapa kuzilinda.

Kanuni ya Kwanza inasema mtu asikae mpaka aonyeshwe kiti na Msimamizi wa Ukumbi. Kwetu hiyo ndiyo sheria ya uraia. Kanuni ya Pili inasema mtu asihame kiti wala meza bila kuandika jina kwenye ubao wa chaki. Hiyo ndiyo sheria ya kupanda cheo. Kanuni ya Tatu inasema mtu asitemee mate zulia, na hiyo tumeiacha kwa vizazi vijavyo.

Meza ya Kwanza, chini ya feni kubwa, ni baraza la mawaziri. Ya Pili ni makatibu wakuu. Zinashuka hivyo hivyo hadi Meza ya Saba, tunapokaa sisi wa idara ndogo: Mvua, Mizani, Stempu na Saa za Umma. Kazi inaanza saa mbili asubuhi. Kila mtumishi anapewa karata mbili, na mbele yake ana vibao vyake, vile vidude vya duara vya rangi. Ukiziamini karata zako unasogeza vibao katikati. Usipoziamini unazitupa, unasubiri nyingine. Saa tisa na nusu mchana tunakwenda nyumbani tumechoka.

Mheshimiwa Rais anakaa Meza ya Kwanza, kiti cha kwanza. Kazi ya waziri ni moja. Mheshimiwa akisogeza vibao, waziri anatupa karata zake na kusema, "Umenizidi, Mheshimiwa." Mawaziri wapya hufundishwa sentensi hiyo kwa miezi mitatu, na mmoja aliwahi kupelekwa ng'ambo kuisomea zaidi. Alirudi akiitamka kwa lafudhi nzuri sana.

*

Mimi naitwa Anania Mkwizu, Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Mvua. Mkurugenzi wangu alikwenda kutibiwa nje miaka sita iliyopita. Kitini pake ameacha kile kipande cha plastiki kilichoandikwa NARUDI, ambacho mtu anakiweka akiinuka kidogo. Kwa kanuni, anayekosa mizunguko mitatu ya karata anaondolewa kitini. Lakini anayehesabu mizunguko ya meza yetu ni yeye, na mpaka arudi hatuwezi kujua amekosa mingapi.

Kiti changu kilikuwa cha tisa, Meza ya Saba. Nikieleza kilipokuwa utanielewa mengine yote. Nyuma yake palikuwa na mlango wa choo, choo kimoja cha serikali nzima. Mlango ulifunguka kwa nje, na kila ulipofunguka ulinigonga mgongoni. Nilisikia "Samahani, Bwana Anania" mara thelathini kwa siku, na harufu ya dawa ya kudekia niliibeba mpaka nyumbani. Miaka kumi na moja nilikaa hapo. Watu wengine wana kovu la vita, mimi nina alama ya kishikio cha mlango.

Na katika miaka yote hiyo kumi na moja nilimwonea wivu Ludoviko Nyamgunda.

Nasema wazi kwa sababu kwetu wivu ni jambo la kiserikali. Kila mwezi wa Juni watumishi wote hujaza Fomu ya Wivu. Serikali iliona kwamba mtumishi asiyemwonea mtu wivu anasinzia. Fomu ina maswali mawili tu: *Unamwonea nani?* na *Kwa nini?* Ukijaza unaikunja, unampa Bi Zamda Fumbwe, Msimamizi wa Ukumbi, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, naye anaifungia kabatini. Ni siri kubwa. Mimi kila Juni nilijaza jina lilelile. Nafasi waliyoacha kwenye "Kwa nini" ni mistari miwili, haikunitosha hata siku moja, nikawa naambatisha karatasi zangu.

Mimi na Ludoviko tuliajiriwa siku moja. Tulikuwa na cheti kimoja cha aina moja, chake kikiwa na doa la chai. Siku hiyohiyo Bi Zamda alituonyesha ubao wa kuomba kuhama meza. Kipande cha chaki kilikuwa kimoja, nami ndiye niliyekishika. Sijui ni nini kiliniingia. Nadhani ni malezi. Nilimpa chaki nikamwambia, "Tangulia, ndugu yangu."

Akatangulia. Akaandika jina lake, nami nikaandika langu chini yake.

Sasa sikiliza Kanuni ya Kumi na Moja. Mtu akihama meza, jina lake halifutwi kileleni mwa orodha, ili asisumbuke kuliandika tena. Kwa hiyo kiti kilipopatikana Meza ya Sita, akaenda Ludoviko, na bado alikuwa wa kwanza. Kilipopatikana cha Meza ya Tano, akaenda Ludoviko. Mimi nilikuwa wa pili. Watu walikuwa wakinipongeza kwa kuwa wa pili kwa uthabiti. Wenzetu wengine walikata tamaa wakafuta majina yao, tukabaki wawili ubaoni, yeye juu, mimi chini. Mwaka wa tisa akafika Meza ya Pili, kwenye kiti chenye mikono na mto.

Mto ule ulikuwa wa kijani. Aliletewa chai kwenye kikombe cha kauri na kisahani chake, na juu ya kisahani biskuti mbili. Sisi tulikunywa kwenye vikombe vya bati, na biskuti tulizisikia tu zikitafunwa. Usifikiri nilikuwa nachungulia. Ukiwa umeupa choo mgongo, macho hayana pa kwenda isipokuwa mbele.

Lakini kilichonimaliza ni matembezi yake. Kila baada ya muda mfupi Ludoviko aliweka NARUDI kitini pake, akafunga vifungo vya koti, akaukata ukumbi mzima kutoka mwanzo hadi mwisho, meza baada ya meza, kila mtu akimwona, mpaka kwangu. Akifika aliweka mkono kwenye mgongo wa kiti changu.

"Habari za hapa, Anania?"

"Nzuri."

"Kiti chako hiki, bwana," alisema, akitikisa kichwa taratibu. "Kiti chako hiki."

Kisha mlango ukanigonga, akaingia. Akitoka ulinigonga tena. "Unakaa vizuri sana," aliniambia, akaondoka kwa madaha na koti lake. Mara sita kwa siku. Siku nyingine mara nane. Niliyaandika yote kwenye karatasi za kuambatisha: *anakuja kuninanga*.

Nyumbani hakukuwa na nafuu. Kwetu hata kwenye harusi wake hukaa kwa kufuata meza za waume zao. Mke wangu, Mama Koleta, alikuwa anakaa nyuma ya spika. Mke wa Ludoviko alikuwa anakaa mahali ambapo angeweza kuigusa keki kwa kiwiko.

"Baba Koleta," mke wangu aliniambia siku moja akivua viatu, "mimi nimechoka kuona keki kwa mbali."

Nikaenda kuangalia kipimo cha mvua uani, na siku hiyo haikuwa imenyesha.

*

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nchi yetu ilipata msiba. Mzee Hilali Sengondo, Waziri wa Utulivu, aliyekuwa kiti cha nne cha Meza ya Kwanza, alifariki akiwa kazini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua.

Mheshimiwa alikuwa amesogeza vibao. Mawaziri wote wakatupa karata, "Umenizidi, Mheshimiwa, umenizidi, Mheshimiwa," ikazunguka meza mpaka kwa Mzee Sengondo, ikasimama. Mzee alikuwa amekaa wima, karata mbili mkononi, macho wazi, anamtazama Mheshimiwa.

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kumtazama Mheshimiwa hivyo. Feni ilisikika.

"Sengondo," alisema Mheshimiwa. "Tupa."

Mzee hakupepesa.

"Una nini mkononi, Sengondo?"

Mzee hakujibu. Bi Zamda alikohoa kwa heshima na kukumbusha Kanuni ya Kumi na Nne, kwamba mchezaji anayefikiri asiharakishwe. Basi tukasubiri. Mheshimiwa alizitazama karata zake, akamtazama Mzee, akazitazama tena karata zake. Akafuta jasho. Ilipotimu saa nne na dakika hamsini, mbele ya serikali yake nzima, aliziweka chini.

"Umenizidi," alisema kwa sauti ndogo.

Mhudumu alipokwenda kumsogezea Mzee vibao vyake vya ushindi ndipo akamgusa, na Mzee akalala juu ya meza. Karata zake zilikuwa namba mbili na namba saba, karata ambazo hata Idara ya Stempu huzitupa bila kuzifikiria.

Taarifa ya serikali ilisema marehemu alizidiwa na furaha ya kuwa karibu na Mheshimiwa. Alizikwa kwa heshima zote, mizinga ikapigwa, na baada ya matanga akapewa onyo la maandishi.

Kisha Bi Zamda akasimama mbele ya ubao wa kanuni na kutangaza kuwa kiti cha nne cha Meza ya Kwanza kiko wazi. Akatukumbusha Kanuni ya Kumi na Saba: *anayekalia kiti anakichukua pamoja na yote yaliyobaki juu yake.* Wote waliguna. Wengine waliinamisha vichwa. Mimi niliisikia vizuri, lakini nilikuwa nakitazama kiti. Kilikuwa na mikono miwili ya mbao iliyochongwa, na mto wa mahameli mwekundu, mkubwa mara mbili ya ule wa kijani.

Na wa kwanza kwenye orodha alikuwa nani? Unamjua.

*

Kuanzia siku hiyo matembezi yake yaliongezeka. Alikuja mara kumi, mara kumi na mbili. Siku ya tatu alikuja amevaa kaunda suti mpya ya rangi ya maziwa.

"Shika kitambaa, ndugu yangu," alisema, akinipa mkono wa suti. "Shika bila woga. Ya kukalia kiti cha nne hii."

Nikashika. Kilikuwa kitambaa kizuri, laini, cha kudumu. Roho iliniuma mpaka nikahisi ladha yake mdomoni.

"Utanisahau nikienda kule?" aliniuliza.

"Nitajitahidi."

"Mimi sitakusahau. Nitamwambia Mheshimiwa mlango huu ugeuzwe, ufunguke kwa ndani, usikuumize." Akakipapasa kiti changu mgongoni, polepole, kana kwamba anamuaga mtu. "Ni hivyo tu, labda atokee mtu wa kunipinga. Lakini nani anipinge mimi? Kanuni ya Ishirini na Moja yenyewe, nani anaikumbuka?"

Mlango ukanigonga, akaingia chooni na suti yake.

Mimi nilikuwa siikumbuki. Wakati wa chai nilikwenda kwenye mtungi wa maji nikajifanya nina kiu, nikainua macho ubaoni. *Kanuni ya Ishirini na Moja. Aliye wa pili kwenye orodha anaweza kumpinga aliye wa kwanza. Pingamizi likikubaliwa, mpingaji atakaa kiti kinachogombewa, naye aliyepingwa atakaa kiti cha mpingaji. Uamuzi ni wa mwisho.*

Nilikunywa glasi nne za maji nikiisoma. Si kwamba ningepata kiti cha nne tu. Ludoviko angepata cha tisa. Na mlango, na dawa ya kudekia, na "Samahani" thelathini. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku Koleta alipozaliwa nilikuwa na wasiwasi kidogo.

Nilimweleza mke wangu wakati wa chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika mwiko.

"Baba Koleta, huyo ndiye aliyekutajia hiyo kanuni?"

"Ilimtoka tu. Kiburi kimempofusha."

"Mtu anakuonyesha mwenyewe pa kumkwaza, wewe huoni ajabu?"

"Mama Koleta, haya ni mambo ya utawala."

"Haya," alisema, akapakua wali. "Mimi ninachoelewa ni keki."

*

Pingamizi lilisikilizwa Ijumaa, mezani kwa Bi Zamda, ukumbi mzima ukiwa umesimama. Nilikuwa nimeandika hotuba ya kurasa saba.

"Bi Msimamizi," nilisema, "taifa hili limejengwa juu ya chaki. Nami nauliza, na historia inauliza pamoja nami: siku ile, miaka kumi na moja iliyopita, chaki ilikuwa mkononi mwa nani? Ilikuwa mkononi mwangu. Adabu yangu ndiyo iliyompa bwana huyu Meza ya Sita. Adabu yangu ikampa ya Tano, ya Nne, ya Tatu na ya Pili. Anakunywa chai ya adabu yangu. Biskuti zile mbili, Bi Msimamizi, kwa haki moja ni yangu."

Nilisikia watu wa Idara ya Mizani wakilia. Niliendelea hivyo kwa nusu saa, nikagusia mto wa kijani, nikagusia suti, na kwenye ukurasa wa sita nilishindwa kujizuia nikasema wazi kwamba namwonea wivu na kwamba ni haki yangu ya kikatiba. Walinipigia makofi.

Bi Zamda alimgeukia Ludoviko. "Bwana Nyamgunda, una utetezi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilikuwa na kurasa nyingine nne za kumjibu. Ludoviko alisimama, akafunga kifungo cha juu.

"Sina, Bi Msimamizi. Ni kweli yote. Chaki ilikuwa yake." Akanigeukia, uso mtulivu. "Tangulia, ndugu yangu."

Bi Zamda akapiga muhuri.

Kuhama meza kwetu kuna taratibu zake. Vibao vyako unavipanga kwenye sinia, unalibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua, kila mtu avione. Huweki kitu mfukoni. Husalimii njiani. Huketi mpaka Msimamizi akukung'utie mto mara tatu. Nilitembea hivyo kutoka Meza ya Saba hadi ya Kwanza, hatua arobaini na tatu, na kila hatua niliihisi. Katikati ya ukumbi nilipishana na Ludoviko akija na sinia lake. Alikuwa anakwenda haraka mno, vibao vinagongana, karibu anakimbia. Nilidhani ni aibu.

*

Mto wa mahameli ni mlaini kuliko nilivyokuwa nikiufikiria, na niliufikiria sana. Niliweka mikono yangu juu ya mikono ya kiti. Feni ilinipuliza kisogoni. Mheshimiwa alinitazama kwa muda mrefu.

"Kiti hicho," alisema, "kilinitazama vibaya."

"Pole, Mheshimiwa."

"Wewe utatazama chini."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Na ndivyo tulivyokubaliana kuhusu yaliyobaki juu ya kiti. Kila mzunguko nilipewa karata zangu mbili, sikuruhusiwa kuzifunua, nikazitupa nikiitazama meza na kusema, "Umenizidi, Mheshimiwa." Aliniagiza niseme mara mbili, moja yangu na moja ya marehemu. Sikujali. Nilikuwa nawaza keki.

Saa tatu na nusu ikaletwa chai. Kikombe cha kauri, kisahani, na biskuti nne. Nne! Nilikunywa kikombe cha kwanza kwa ajili ya Meza ya Saba, cha pili kwa ajili ya miaka kumi na moja, na cha tatu kwa sababu mhudumu alinimiminia na mimi ni mtu wa adabu. Biskuti nilizila polepole nikielekea upande aliokuwa Ludoviko.

Kuelekea saa tano nilihisi haja. Nilimwinamia jirani yangu wa kiti cha tano, Waziri wa Barabara, mzee mmoja mkavu asiyependa maneno.

"Mheshimiwa Waziri, samahani. Huku chooni mnakwendaje?"

"Kwenda wapi?" alinong'ona.

"Chooni."

Alinitazama kwa huruma. "Meza hii hakuna anayeinuka kabla ya Mheshimiwa."

"Naye huinuka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Ana afya njema sana, Mungu amzidishie."

"Sasa ninyi mnafanyaje?"

Alisogeza kidole kuelekea mezani. Ndipo nikaona. Mbele ya kila waziri palikuwa na kikombe cha kauri kilichojaa hadi ukingoni, chai imepoa, imeota utando juu. Hakuna kilichoguswa isipokuwa changu.

"Sengondo alikuwa anapenda chai," alisema Waziri wa Barabara. "Tulimwonya."

Nikabana magoti. Nikainua macho kidogo, si kwa Mheshimiwa, kwa mbali, upande wa nyuma wa ukumbi. Ludoviko alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha tisa. Kile kiti alikuwa amekisogeza kushoto kwa upana wa kidole kimoja tu, mlango haumgongi tena. Miaka kumi na moja, na sikuwahi kufikiri kukisogeza. Nilimwona akiweka NARUDI, akiinuka bila kufunga hata kifungo kimoja, akipiga hatua moja, ya pili, akaingia. Akatoka na uso wa mtu aliyesamehewa. Akaketi. Kabla mzunguko haujaisha akainuka tena, hatua mbili, akaingia, akatoka, akakipapasa kiti mgongoni.

Nikaikamata kwa nguvu ile mikono ya mbao iliyochongwa.

Bi Zamda alikuwa anapita na bahasha. Ilikuwa Juni. Aliniwekea fomu mbele yangu na kalamu.

"Bi Zamda," nilinong'ona nikitazama chini, "naweza kuomba kuhama?"

"Kutoka meza hii hakuna kurudi nyuma, Bwana Anania. Mpaka upewe adhabu, au upingwe na wa pili kwenye orodha."

"Na wa pili ni nani?"

"Hayupo. Orodha ilikuwa na majina mawili."

Nilimeza mate, nikajuta hata hayo. "Basi niambie kitu kimoja. Yule Ludoviko, kwenye fomu zake, alikuwa anamwandika nani?"

"Unajua kuwa ni siri." Aliirekebisha miwani yake, akaniinamia kidogo. Nadhani alinihurumia. "Fomu zenu mbili nilikuwa naziweka faili moja. Zilifanana. Majina tu ndiyo yalikuwa yamegeuzwa. Yeye hata alikuwa na cheti cha daktari cha kuambatisha."

Akaenda zake. Nilikaa pale na mambo yote yakinipanda kichwani kwa zamu: *kiti chako hiki, bwana*, na *unakaa vizuri sana*, na koti alilolifunga vifungo kila mara kwa haraka, na jinsi alivyokuwa akiukata ukumbi mzima akitabasamu kwa kujikaza. Nikakumbuka na maneno ya mke wangu na mwiko wake. Halafu nikaikunjua fomu.

*Unamwonea nani?* Niliandika Ludoviko Nyamgunda. Niliandika kwa kukandamiza, kalamu ikatoboa karatasi. Nilimwonea wivu kuliko miaka yote kumi na moja ikijumlishwa pamoja.

*Kwa nini?* Safari hii sikuhitaji karatasi ya kuambatisha. Niliandika maneno mawili: *Hatua mbili.*

Nilipoinua kichwa Mheshimiwa alikuwa ananitazama. Hakunitazama mimi hasa, alikuwa anakitazama kikombe changu kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Angalieni huyu mpya," aliwaambia mawaziri. "Ninyi wengine miaka nenda miaka rudi chai yangu mnaiacha ipoe. Huyu anakunywa."

"Umenizidi, Mheshimiwa," nilisema, kwa kuwa ndiyo sentensi niliyokuwa nayo.

"Mwongezeeni," alisema Mheshimiwa. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika kumi.